Kubadili tyubu za ampu na kuzizoesha: shika mita kabla hujashika pochi

Siku niliyoua tyubu yangu ya kwanza ya KT88 wala sikufanya kitu cha ajabu. Nilichomoa EL34 nne (zile tyubu kubwa za nguvu zinazosukuma spika) zilizokuwa kwenye ampu, yaani amplifaya, nikachomeka KT88 mpya nne kwa sababu soketi ni ileile na pini zinaingia bila ugomvi, nikawasha, nikajitupa kwenye kochi nikisubiri utamu. Dakika ya pili hivi, tyubu ya pili kutoka kushoto ikaanza kunibadilikia, kile kibati cha kijivu ndani ya kioo kikaota doa jekundu katikati kama kaa linalopulizwa, doa likatanuka likashika kibati kizima, alafu nikasikia tap, rezista imepasuka huko chini na harufu ya kuungua imejaa chumba. Mita ya kupimia umeme ilikuwa kwenye droo, hatua tatu tu kutoka nilipokaa.

Kwaiyo haya maelezo yana mita nyingi kuliko sifa za tyubu. Sifa utazikuta kila mahali, eti hii ina asali, ile ina hewa, nyingine ina besi ya velveti. Mi nataka ampu yako iwe hai kesho.

Soma jina kwanza

Zima ampu, iache ipoe kabisa, chukua tochi uandike kila tyubu imekaa wapi na imeandikwa nini, piga na picha kabisa maana ukishachomoa zote nne kumbukumbu inakuruka. Majina yanachanganya kwa sababu Ulaya walikuwa na mfumo wao na Marekani wao, ECC83 na 12AX7 ni mtu mmoja mwenye vitambulisho viwili, ECC82 ni 12AU7, ECC81 ni 12AT7, EL84 ni 6BQ5, GZ34 ni 5AR4.

Ukishauelewa mfumo wa Ulaya jina lenyewe linakusimulia. E ya mwanzo maana yake hita (waya wa ndani unaopasha tyubu) inakula volti 6.3, G ni volti 5. C ni triodi (tyubu ya sehemu tatu), zikiwa CC basi ni triodi mbili ndani ya kioo kimoja, L ni pentodi ya nguvu (ya sehemu tano), Z ni rektifaya, ile inayogeuza umeme wa AC kuwa DC. Namba ya kwanza inataja kitako, 8 ni kile kidogo cha pini 9 na 3 ni kile kinene cha pini 8, ndo maana EL84 na EL34 ni ndugu wa jina lakini hazikai soketi moja. Wamarekani wao namba ya mwanzo ni volti za hita tu, 6 ni 6.3 na 12 ni 12.6, mengine unakariri. Utaniuliza sasa mbona ECC83 ina E ya 6.3 na pacha wake ana 12, ni kwamba hita yake ina waya wa katikati, pini 4 na 5 ndo ncha zake na pini 9 ndo katikati, mtengenezaji wa ampu anachagua ailishe 12.6 au 6.3.

Hiyo pini 9 ishike akilini maana ndo inayoponza watu. ECC88, yaani 6DJ8 (na ndugu yake 6922), ina umbo lilelile, pini 9 zilezile, inaingia kwenye soketi ya 12AX7 kama imezaliwa hapo. Lakini kwake pini 9 ni ukuta wa kutenganisha triodi mbili, sio hita. Kwenye soketi iliyofungwa kwa 6.3 haitawaka, kwenye iliyofungwa kwa 12.6 hita inapewa umeme mara mbili ya inaoutaka na inakufa. Kuingia kwenye soketi sio ruhusa, hilo ndo somo la KT88 yangu na ndo somo la hapa pia.

Kitu kingine ni ukuzaji, ile namba inayoitwa myu. 12AX7 ni 100, 5751 ni 70, 12AT7 ni 60, 12AU7 iko chini huko kwenye 17 mpaka 20. Kuweka 5751 mahali pa 12AX7 ni kitu cha kawaida na mi nakipenda, ukiwa na ampu ambayo voliyumu ukiizungusha kidogo tu tayari majirani wamejua, unapata nafasi ya kuzungusha kitasa na saa ingine kelele ya shhh inapungua. Lakini kutoka 100 kurukia 20 ni habari nyingine, 12AU7 inavuta mkondo mwingi zaidi na rezista zilizoizunguka zilipigiwa hesabu ya tyubu tofauti, na kama ampu inatumia mrejesho kutoka kwenye spika kurudi mwanzo basi hesabu nzima inavurugika. Itapiga, ndio, ila hujaboresha kitu hapo.

Kwenye tyubu za nguvu angalia hita pia. EL34 inakula ampea 1.5, KT88 na 6550 zinakula 1.6, 6L6GC inakula 0.9 tu, KT120 na KT150 zinakula zaidi ya zote hizo. Ampea 0.1 unaiona ndogo lakini zidisha mara nne, alafu kumbuka ni transfoma ileile inayolisha na tyubu ndogo. Kama transfoma yako sasa hivi huwezi kuishika kwa sekunde kumi bila kuondoa mkono, usiiongezee mzigo. Alafu kuna pini 1, kwenye EL34 pini 1 ni gridi ya tatu (gridi ni kama wavu ndani ya tyubu) na lazima iunganishwe na kathodi (sehemu inayotoa elektroni) kwenye pini 8, wakati kwenye KT88 haina kazi hiyo, kwaiyo ampu iliyozaliwa na KT88 inaweza kuwa haijaunganisha hiyo waya kabisa na ukiweka EL34 inakosa kitu inachohitaji. Kitabu cha ampu kikisema inakubali zote mbili, sawa. Kisiposema, muulize fundi au acha.

Ipi ubadili kwanza

Ile ya mwanzo kabisa kwenye njia ya sauti, karibu na mahali waya za CD au mashine ya santuri zinapoingia. Sababu ni rahisi, chochote kinachofanywa na tyubu ya kwanza, kizuri au kibaya, kinakuzwa na zote zilizo nyuma yake. Tyubu moja nzuri yenye utulivu pale mbele utaisikia, wakati tyubu ya bei mbaya kule kwenye kugeuza fezi (pale sauti inapogawanywa mbili zilizo kinyume kwa ajili ya tyubu za nguvu), mi binafsi nimejaribu mara kadhaa na nimeshindwa kuitofautisha na ile iliyotoka na ampu. Kwenye kugeuza fezi unachotaka ni triodi mbili za ndani zilingane, jina halina kazi sana.

Na niseme ukweli ambao wauza tyubu hawaupendi, tofauti kati ya 12AX7 mbili nzima ni ndogo. Kusogeza spika nusu mita kutoka ukutani kunabadili sauti kuliko tyubu yoyote niliyowahi kununua. Ampu ikiwa imefifia kwa sababu kapasita zake zimezeeka, hata umwekee tyubu za dhahabu haitaamka. Tyubu za nguvu ndo zinachoka kweli, zikitunzwa vizuri zinakwenda masaa 2,000 mpaka 5,000 hivi, hapo kubadili ni lazima na ndo unapata nafasi ya kuboresha. Zile ndogo zinaweza kukuzidi uvumilivu, masaa 10,000 sio ajabu.

Rektifaya iache kama huna sababu. Watu wanapenda kutoa GZ34 na kuweka 5U4G wakisema sauti inalainika, na inalainika kweli kwa sababu 5U4G inapoteza volti nyingi zaidi kwahiyo ampu nzima inashuka nguvu. Lakini GZ34 hita yake ni ampea 1.9 na 5U4G ni ampea 3, hiyo ni ampea nzima na zaidi unaidai kwenye transfoma ambayo haikuahidiwa. Tena GZ34 inapasha taratibu na kuwapa wenzake muda, 5U4G inamwaga volti kubwa ndani ya sekunde chache wakati tyubu nyingine bado zina baridi.

Mpya au za zamani

Zinazotengenezwa leo zinatoka sehemu chache. Kuna JJ huko Slovakia, kuna kiwanda cha Saratov huko Urusi, kuna viwanda vya China kama kinachotoa Psvane, na Western Electric wanatengeneza 300B huko Rossville, Georgia. Cha kuchekesha ni kwamba kiwanda cha Saratov kimoja hicho ndo kinatoa Electro-Harmonix, Sovtek, Tung-Sol, Gold Lion na hata Mullard za kisasa, kwaiyo ukiona Mullard mpya kwenye boksi jipya jua hiyo sio ile ya Blackburn, Uingereza, ambayo wazee wanaisifia, ni jina limenunuliwa. Sio mbaya, zingine ni nzuri sana, ila usilipe hela ya historia.

Za zamani ambazo hazijatumika zinaitwa NOS (new old stock), na hapo ndo penye miiba. Niliwahi kununua jozi ya ECC83 zenye maandishi ya Mullard yanayong'aa kabisa kama yamechapwa jana, na nadhani yalichapwa jana kweli, maana maandishi ya zamani yanatoka kwa kidole tu ukiyafuta vibaya na haya hata kwa kucha yaligoma. Mullard halisi ina herufi na namba za kiwanda zimechorwa chini ya kioo karibu na pini, rangi ya kijivu hafifu, inabidi uigeuzegeuze kwenye mwanga uzione. Zangu hazikuwa nazo. Telefunken zile ndogo nyingi zina alama ya almasi kwenye kioo chenyewe, chini, katikati ya pini, imefinyangwa humohumo, na hiyo ni ngumu kuiigiza kuliko wino. Muuzaji akikataa kukutumia picha ya chini ya tyubu, funga mazungumzo.

Kitu cha kukagua bila kifaa chochote ni ile rangi ya fedha inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, mara nyingi iko juu ya tyubu, saa ingine ubavuni. Hiyo ni bariamu, kazi yake kumeza hewa iliyobaki ndani. Ikiwa imegeuka nyeupe kama maziwa basi hewa imeingia na tyubu imekufa. Ikiwa kahawia pembeni mwa fedha, mara nyingi haina shida.

Tyubu za nguvu nunua zilizolinganishwa, mbili kama ampu ina mbili kila upande, nne kama unaweza. Zile mbili za upande mmoja zinavutana kwenye transfoma ya kutolea sauti kama watu wanaovuta kamba, zikiwa na nguvu sawa transfoma haioni mkondo wa moja kwa moja, moja ikizidi mwenzake chuma cha transfoma kinajaa, besi inalegea na mvumo unaanza.

Kabla ya kuingiza mkono

Ndani ya ampu ya tyubu kuna volti 300 mpaka 500 za moja kwa moja na hizo zinaua. Kapasita zinabaki na chaji hata umechomoa waya ukutani, saa ingine dakika nyingi. Kubadili tyubu kwa juu tu, bila kufungua chini, ni salama kama imezimwa, imechomolewa na imepoa. Ukifungua chini: chomoa ukutani, subiri, pima kapasita kubwa kwa mita kwenye DC, ikiwa bado na volti itoe chaji kwa rezista ya kilo-omu 10 ya wati 10 yenye klipu zilizofunikwa, pima tena. Mkono mmoja ufanye kazi, mwingine mfukoni. Kama haya yanakutia wasiwasi basi usifungue, hakuna aibu, mpelekee fundi anayezijua tyubu.

Na usiwashe ampu ya tyubu bila spika. Kabisa. Transfoma ya kutolea sauti ikikosa mzigo volti zake zinaruka juu na inaweza kujitoboa ndani, na hiyo transfoma ndo kitu ghali kuliko vyote humo.

Kuchomoa na kuchomeka

Shika kitako, sio kilele cha kioo. Tikisa kidogo kidogo kwa duara huku unavuta, usiipinde upande mmoja. Zile za kitako kinene zina kijiti katikati chenye mbavu, mbavu hiyo inaingia kwenye tundu moja tu, tafuta kwa kuzungusha taratibu mpaka uhisi imekaa ndo usukume. Kijiti kikiwa kimevunjika, na kwenye tyubu zilizotumika huvunjika sana, tyubu inaweza kuingia kwa mkao wowote ikiwemo mkao wa kuunguza, kwaiyo hiyo usiitumie. Zile ndogo zina pengo kati ya pini ya 1 na ya 9, pini iliyopinda inyooshe taratibu kwa koleo dogo maana pini imepita kwenye kioo na ukiilazimisha kioo kinapata ufa usiouona, utauona kesho bariamu imekuwa nyeupe.

Soketi na pini ziguse kwa spiriti ya isopropili na kijiti cha pamba, ziache zikauke. Kuhusu mafuta ya vidole, kuna watu wanavaa glavu kama wapasuaji, hiyo imetoka kwenye taa za halojeni. Tyubu haijali. Unachotakiwa kuogopa ni kufuta maandishi, basi.

Bayasi, hapa usiharakishe

Bayasi ni volti inayoamua mkondo kiasi gani upite kwenye tyubu hata muziki usipopigwa, na kuna aina mbili. Ya kwanza inajirekebisha yenyewe kwa rezista ya kathodi, ampu nyingi ndogo za EL84 ziko hivo, unachomeka na kuwasha. Hata hapo pima volti kwenye hiyo rezista ugawanye kwa omu zake upate mkondo, ujue tu uko wapi, lakini hakuna cha kuzungusha. Ya pili ni bayasi ya kuseti kwa mkono, inatumia volti hasi kwenye gridi, na ukiweka tyubu mpya bila kuiseti ndo yanatokea ya kwangu. EL34 kwenye ampu ile ilikuwa inaridhika na hasi 38 hivi, KT88 inataka hasi zaidi kwa mbali, nikaipa ileile hasi 38, mlango ukabaki wazi na mkondo ukapita kama maji ya bomba lililopasuka.

Hesabu yake sio ngumu. Kila tyubu ina wati inazoweza kuzivumilia kwenye anodi (kile kibati cha kijivu), EL84 ni 12, EL34 ni 25, 6L6GC ni 30, KT88 ni 42. Kwa ampu za kuvutana za daraja la AB watu wanakaa kwenye asilimia 70 ya hizo wakati hakuna muziki. Chukua EL34, asilimia 70 ya 25 ni wati 17.5. Pima volti ya anodi, tuseme ni 430. Gawa 17.5 kwa 430 unapata 0.0407, yaani miliampea 40 na kidogo. Kama ampu ina rezista ya omu 10 kati ya kathodi na ethi, mita kwenye milivolti itasoma 400 hivi, kama ni ya omu 1 itasoma 40. Kipimo hicho kina mkondo wa skrini (gridi ya pili ya tyubu) ndani yake, miliampea chache, kwaiyo anodi yenyewe iko chini kidogo ya ulichosoma, na hilo ni kosa la upande salama.

Asilimia 70 ni dari, sio lengo. Ukienda 60 tyubu itaishi zaidi na sikio lako litakuwa gumu kulalamika. Ampu za tyubu moja kwa kila upande, za daraja A, ni kesi nyingine, hizo zinaendeshwa karibu na mwisho kabisa kwa makusudi, EL84 kwenye volti 250 na miliampea 48 iko kwenye wati 12 kamili na ndivyo ilivyopangwa na waliyoitengeneza. Kitabu cha ampu kikitaja namba, fuata kitabu, achana na hesabu yangu.

Utaratibu wenyewe: kabla hujawasha na tyubu mpya, zungusha kila trimpoti (kile kitasa kidogo cha kuseti bayasi) mpaka upande wa mkondo mdogo kabisa, yaani hasi kubwa kabisa. Spika ziwe zimefungwa, voliyumu sifuri. Funga klipu za mita kwanza, ndo uwashe, usikimbizane na ncha za mita umeme ukiwa umewaka. Macho kwenye tyubu dakika mbili za kwanza, mkono kwenye swichi. Baada ya dakika 10 anza kupandisha taratibu kwa bisibisi ya plastiki au yenye mpini uliofunikwa, fika nusu tu ya lengo kwa tyubu zote, alafu rudi tena uzifikishe. Ukipandisha moja zingine zinashuka kidogo kwa sababu zinakula sahani moja, kwaiyo zunguka mara mbili au tatu mpaka zitulie. Subiri nusu saa pima tena, utakuta zimehama.

KT88 zangu zilizofuata (ndio, nilinunua zingine, fundi akabadili rezista ya skrini na kuikagua transfoma) hazikuwekwa asilimia 70. Kwa volti 440 hiyo ingekuwa miliampea 67 hivi kila moja, na transfoma iliyojengwa kwa EL34 isingeuweza mzigo huo. Tukaziacha kwenye 45. Zinapumua tu, na ampu haipiti joto lake la zamani.

Dakika za kwanza, unaangalia nini

Rangi ya chungwa kutoka kwenye hita, katikati, hiyo ndo uhai. Mwanga wa buluu unaocheza juu ya kioo cha tyubu za nguvu ni kawaida, ni elektroni zinapiga kioo, wala usipige simu kwa mtu. Ukiwa ni zambarau au waridi umejaa katikati ya vibati kama ukungu, hiyo ni gesi, zima. Anodi ikianza wekundu, zima wakati huohuo, usisubiri "labda itatulia". Tyubu ndogo zingine zinatoa mwanga mkali sekunde moja ukiwasha alafu zinafifia, inashtua mara ya kwanza lakini ndivyo zilivyo.

Kuzizoesha

Hapa ndo maneno yalipo mengi. Kinachotokea kweli ni hiki: kathodi imepakwa oksaidi za bariamu na strontiamu, na masaa ya mwanzo ya joto na mkondo huo mpako unakaa sawa, wakati huohuo ile fedha ya bariamu inameza mabaki ya gesi. Kwaiyo mkondo unatembea. Viwandani wanaziwasha kabla ya kuziuza lakini hawazimalizii.

Unachotakiwa kufanya ni kupiga muziki wa kawaida kwa sauti ya kawaida. Siku ya kwanza masaa mawili matatu alafu zima ipoe, kesho tena. Huhitaji kelele maalum za kuzoeshea wala kuiacha inawaka wiki nzima chumba kitupu, hiyo ni kupunguza maisha ya tyubu na kuongeza bili. Usiiache pia kwenye stendibai kwa masaa, hita zinawaka lakini volti kubwa haipo, kathodi ikikaa hivo muda mrefu inajijengea tabaka linalozuia mkondo. Dakika chache sawa.

Bayasi pima baada ya saa 1, masaa 5, 20, 50, alafu 100. Nina daftari, na seti moja ya EL34 ilienda hivi: niliseti 40, baada ya saa moja 43, nikarudisha 40, masaa matano ikawa 42, nikarudisha, masaa ishirini 39, hamsini 40, mia 40. Baada ya hapo kila miezi mitatu minne inatosha. Seti ambayo bado inahama baada ya masaa 50, au moja inayopanda peke yake kila ukipima, hiyo ina gesi au ina kasoro, irudishe kama bado una muda wa kurudisha.

Kuhusu kwamba sauti inafunguka kwenye saa la 200, mi nasema masaa ya mwanzo kweli kuna mabadiliko na mita inayaona, lakini baada ya hapo anayezoea zaidi ni wewe. Ukitaka kujua, tunza tyubu za zamani, ukifika masaa 50 zirudishe jioni moja, uziseti bayasi kama kawaida, upige nyimbo zilezile kwa sauti ileile. Mara mbili nimefanya hivo. Mara ya kwanza nilirudi kwenye mpya mbio. Mara ya pili nilikaa na za zamani mwaka mzima.

Ikianza kelele

Usikimbilie kununua. Kelele ikiwa kushoto, zima, subiri ipoe, badilishana tyubu ya kushoto na ya kulia ya mahali hapohapo, washa. Kelele ikihamia kulia mwizi ni tyubu, ikibaki kushoto ni soketi, rezista au kapasita. Ukibadilishana zile za nguvu kwenye ampu ya kuseti, bayasi unaiseti upya.

Kutatarika kama mafuta ya moto mara nyingi ni pini chafu, safisha kwanza. Mvumo ulioanza baada ya kubadili tyubu za nguvu angalia kama mikondo ya upande huo inalingana. Kuna na ile ya tyubu kusikia kama maikrofoni, gonga kioo taratibu kwa kifutio cha penseli huku spika zimewaka, tyubu ya kwanza kabisa ikilia tok na kunyamaza ni kawaida, ikilia ting na kuendelea kama kengele ihamishie mahali pengine nyuma zaidi kwenye njia ya sauti ambako haikuzwi sana, mara nyingi inakaa kimya huko miaka. Moja ya tyubu zangu zenye kengele kali iko sasa kwenye kugeuza fezi na hakuna aliyewahi kuiuliza jina.

Za zamani zifunge kwenye boksi, andika juu ya boksi masaa na miliampea za mwisho. KT88 ninazosikiliza sasa ziko kwenye masaa 1,400, ya tatu kutoka kushoto imeshuka mpaka 41 mara mbili mfululizo, wenzake wako 45. Nimeipandisha, nimeandika tarehe, wiki ijayo nitaipima tena.